Uteuzi wa Muziki katika Mchezo wa Jukwaani Kuhusu Maisha ya Wakimbizi

Muziki wa mchezo unaohusu wakimbizi huteuliwa kwa kumtazama mhusika kwanza, huzuni baadaye. Kosa la kawaida katika tamasha za shule na za makanisa ni kinanda kinachovuta sauti za majonzi tangu mwanzo wa mchezo hadi mwisho, hadhira ikahimizwa kulia kabla haijajua inamlilia nani. Mwelekezi hana budi kujua mhusika ametoka wapi, aliondoka mwaka gani, kwao aliimba nini akiwa na amani, na sasa anasikia nini anakoishi.

Nchini Kenya majibu ya maswali hayo ni mengi. Kambi za Dadaab, Garissa, zilianza 1991 serikali ya Somalia ilipoanguka. Kakuma, Turkana, ilifunguliwa 1992 ikawapokea vijana wa Sudan waliokuwa wamepitia Ethiopia kwa miguu, na makazi ya Kalobeyei yakaongezwa jirani yake 2016. Kakuma pekee ina Wasudani Kusini, Wasomali, Wakongomani, Warundi, Waethiopia na wengineo. Kwa hiyo hakuna aina moja inayoweza kuitwa muziki wa wakimbizi.

Mfano wa Wadinka wa Sudan Kusini unafaa kuchunguzwa kwa makini. Kijana wa Kidinka huwa na wimbo wa fahali wake. Husifu rangi ya ngozi na mkunjo wa pembe, na ndani ya sifa hizo hujisifu mwenyewe. Mhusika akiuimba wimbo wa namna hiyo kwa fahari, amesimama kwenye foleni ya mgao na mtungi mtupu mkononi, mahali asipo na hata mbuzi, hasara yake huonekana bila msimulizi kuieleza. Kinanda cha majonzi kikiongezwa hapo kitaharibu kila kitu. Wimbo wa fahali, hata hivyo, ni mali ya mtu mmoja. Kikundi hakiuokoti tu; hutunga mpya kwa kusaidiwa na mtu anayeijua mila hiyo.

Ngoma za Burundi ndizo hutumiwa vibaya zaidi. Wengi huzipiga kama mshindo wa vita, ilhali zilikuwa ngoma za ufalme, na UNESCO iliziweka katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2014. Zinafaa panapoonyeshwa heshima ya nchi iliyoachwa nyuma. Begena ya Ethiopia, kinubi kikubwa cha nyuzi 10, ni ya ibada na hasa msimu wa mfungo. Kwa onyesho la sokoni, krar, kinubi kidogo cha huko huko, inafaa zaidi. Kwa mwanamke wa Kisomali ipo buraanbur, ushairi wa wanawake unaoimbwa kwa makofi na ngoma, hasa harusini. Mhusika wa Kongo aweza kuwa na kwaya ya Kiswahili Jumapili na rumba siku nyingine zote.

Vikundi vya Mikinduri, Tigania, katika Meru, vina hazina nyingine iliyo karibu. Masimulizi ya asili ya Wameru yenyewe ni habari ya kukimbia: watu walitoroka Mbwaa, walikotumikishwa na watu walioitwa Nguo Ntuune, wakavuka maji. Waliovuka usiku, alfajiri na mchana ndio wanaosemwa kuwa chanzo cha koo nyeusi, nyekundu na nyeupe. Mchezo ukitaka kuunganisha Tigania na Kakuma, daraja ni hilo. Lakini uvukaji wa usiku usipigiwe ngoma. Anayetoroka hapigi ngoma. Humziba mtoto mdomo. Kimya, maji na pumzi vinatosha, kisha wimbo wa Kimeru uinuke ng'ambo watu wanapohesabiana. Hapo hata ngoma za Chuka, zinazobanwa katikati ya mapaja, zina nafasi yake.

Nyimbo maarufu ziteuliwe kwa hadhari. "Wavin' Flag" ya K'naan, Msomali aliyehamia Kanada, ilitoka 2009 ikigusa vita na umaskini wa alikozaliwa. Toleo lililotengenezwa kwa Kombe la Dunia la 2010 liliufanya uwe wimbo wa mpira, na wasikilizaji wengi wakiusikia leo huona uwanja wa soka. Mwanamuziki Emmanuel Jal, aliyekuwa askari mtoto Sudan kabla ya kuletwa Kenya, anafaa kwa mhusika kijana wa mjini, mradi maneno yasikike.

Na kusikika si jambo dogo. Katika ukumbi wa paa la bati, mvua moja ya Meru humeza spika zote, na umeme ukipotea muziki wa simu hufa katikati ya onyesho. Kwa sababu hiyo muziki wa moja kwa moja ni salama zaidi: sauti za waigizaji, makofi, mtungi wa plastiki uliogeuzwa ngoma. Mtungi huo una faida ya pili, kwamba ni kifaa cha kambini kwelikweli. Rekodi zibaki kwa sauti ambazo zingetoka redioni hata katika maisha ya kawaida.

Mwisho ni suala la ruhusa. Wimbo uliorekodiwa unalindwa na Sheria ya Hakimiliki ya 2001, na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya ndiyo ya kuulizwa kuhusu leseni. Sanaa za jadi zina sheria yake ya 2016, inayotaka jamii husika ikubali. Wimbo aliofundisha mkimbizi aliye hai unahitaji zaidi ya karatasi. Aelezwe utaimbwa wapi, na nani, katika onyesho gani. Aalikwe mazoezini ausikie. Naye akikataa, hata kama zimebaki siku mbili, wimbo huo uondolewe.