MAZUNGUMZO YA AFYA: DAWA ZA KUONGEZA MKOJO



Kila siku figo za mtu mzima huchuja takriban lita 180 za majimaji kutoka katika damu, na karibu yote hurejeshwa mwilini pamoja na chumvi. Dawa za kuongeza mkojo, kama vile furosemidi, huzuia figo kuirejesha sehemu ya chumvi hiyo. Nayo maji huifuata chumvi, yakatoka. Ndiyo maana hutumiwa kuteremsha shinikizo la damu, na kupunguza uvimbe wa miguu na maji ya mapafuni kwa wenye maradhi ya moyo.

Wagonjwa wanakumbushwa kwamba kupungua kwa uvimbe si kupona. Mtu asiache dawa kwa kuchoshwa na kwenda haja, wala asizidishe vidonge ili kupunguza uzito. Maji na potasiamu vikipotea kwa wingi, huja kizunguzungu, misuli hulegea na mapigo ya moyo huweza kuvurugika.

Dawa imezwe asubuhi, isipokuwa daktari ameagiza vyengine, ili usiku ubaki wa mapumziko. Mwenye kutapika au kuharisha, na anayekusudia kufunga Ramadhani, amwone daktari kwanza.