Ukubwa Kazini: Ni Nani Aliyemtangulia Mwenzake?



Katika ofisi za Serikali ni mambo machache yaletayo manung'uniko upesi kama jambo la ukubwa kazini. Karani aliyetumika miaka mingi aona kijana wa juzi ameandikwa juu yake katika orodha ya watumishi, naye asema kwamba amedhulumiwa. Huenda ni kweli. Lakini huenda pia orodha ni ya haki, ila yeye hakuelezwa jinsi inavyotungwa. Mtu asiyejua kanuni hawezi kuitetea haki yake, wala hawezi kuitambua.

Yafaa kufahamu kwanza kwamba ukubwa wa kazini si ukubwa wa nyumbani. Nyumbani mwenye umri ndiye aamkiwaye, na barazani ndiye atanguliaye kusema. Katika utumishi wa Serikali uliorithi desturi ya Uingereza, kanuni ya kawaida ni nyingine: watumishi wa daraja moja hupangwa kwa tarehe ambayo kila mmoja aliingizwa katika daraja hilo.

Chukua mfano wa makarani wawili. Wa kwanza aliajiriwa mwaka 2004, akapandishwa daraja tarehe 1 Julai 2016. Wa pili aliajiriwa mwaka 2010, akapandishwa daraja lilo hilo tarehe 1 Machi 2016. Katika daraja hilo wa pili ndiye mkubwa, kwa miezi minne, ijapokuwa mwenzake alimtangulia kuajiriwa kwa miaka sita. Wahenga walisema: Kutangulia si kufika.

Je, wakiingia daraja siku moja? Hapo desturi ni kutazama daraja walilotoka: aliyekuwa mkubwa huko chini hubaki mkubwa huku juu. Kama wote wawili ni wageni kazini, mahali pengine hufuatwa jinsi walivyopangwa walipochaguliwa, na mahali pengine hutazamwa umri. Nchini India kanuni za Serikali zilizotolewa mwaka 1959 zilieleza kwamba waliochaguliwa pamoja watafuatana kwa sifa zao katika uchaguzi, na waliochaguliwa mwanzo watawatangulia waliochaguliwa baadaye.

Jambo lenye kuleta ugomvi zaidi ni kukaimu. Mtu huambiwa ashike kazi ya mkubwa wake aliyekwenda likizo au kustaafu. Mwezi huwa mwaka, na mwaka huwa mitatu. Je, siku hizo zahesabiwa? Mwaka 1990 Mahakama ya Juu ya India ilitoa hukumu katika shauri la wahandisi wa jimbo la Maharashtra. Ilisema kwamba mtu aliyewekwa kazini kwa kufuata kanuni huhesabiwa tangu siku aliyowekwa, wala si tangu siku aliyothibitishwa. Lakini aliyewekwa kwa muda tu ili kuziba pengo, bila kufuata kanuni, hawezi kuzihesabu siku hizo. Hukumu hiyo haizifungi ofisi za Kenya, lakini yaonyesha vema jinsi barua moja iwezavyo kumpa mtu miaka au kumnyang'anya.

Pengine mtu atauliza kwa nini tarehe ipewe heshima kubwa hivyo. Jibu limo katika historia ya Kenya yenyewe. Zamani utumishi wa Serikali uligawanywa kwa rangi. Kwa shauri la Tume ya Holmes ya mwaka 1948, mtumishi asiye Mzungu, hata akiwa na elimu ile ile na kazi ile ile, alipewa sehemu tatu tu katika tano za mshahara wa Mzungu. Mwafrika aliyetumika miaka ishirini hakuweza kulinganishwa na Mzungu aliyeshuka melini jana, maana hawakuandikwa katika orodha moja. Mwaka 1954 Tume ya Lidbury ilishauri kwamba ubaguzi huo wa mishahara uondolewe. Faida ya tarehe ni hii: haina rangi wala kabila, na haijui mtoto wa nani ni nani.

Hata hivyo, ukubwa kazini si ahadi ya kupandishwa cheo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 232, yaweka ushindani wa haki na sifa za mtu kuwa msingi wa kuajiri na kupandisha vyeo, pamoja na kuwapa nafasi ya kutosha wanawake na wanaume, watu wa makabila yote na walemavu. Aliyetangulia asiyejifunza neno jipya aweza kupitwa kwa haki.

Tena hesabu ya daraja si hesabu ya kupunguza watu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 40, yamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi kwa sababu kazi zao hazihitajiwi tena, atazame urefu wa utumishi wa kila mmoja, pamoja na ustadi, uwezo na uaminifu wake. Hapo yule karani wa mwaka 2004 ana miaka sita zaidi ya mwenzake, nayo yaweza kumfaa.

Basi mtumishi mwenye busara huhifadhi barua zake zote: ya kuajiriwa, ya kuthibitishwa, ya kupandishwa na ya kukaimu. Hutazama tarehe kabla ya kutia sahihi. Orodha ikitolewa, huisoma. Na akiona kosa, huandika barua upesi kwa adabu kupitia kwa mkubwa wake, wala hangoji mpaka siku ya kustaafu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na miaka ya utumishi wa mtu ni mali yake.