WAGONJWA WA AKILI MBELE YA SHERIA: KUTOKA TABORA HADI ISANGA

(Matini ya mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi)



Njia ya zamani ya misafara, iliyotoka Ujiji ikapita Tabora, ikakata nyika ya Mgunda Mkali, ikaingia Ugogo na kuteremka hadi Bagamoyo, inajulikana vyema kwa watu wa Visiwani, kwani pembe zilizopita humo zilikuja kuuzwa Unguja. Reli ya Kati, iliyofika Tabora mwaka 1912, ilifuata sehemu kubwa ya njia hiyo. Mpagazi aliyepita humo alijua uzito wa mzigo wake na mahali atakapoutua. Leo wapo watu wanaosafirishwa kutoka Tabora kuelekea mashariki bila ya kujua siku ya kurudi. Hao ni washitakiwa wenye maradhi ya akili wanaopelekwa Isanga, Dodoma, taasisi iliyo sehemu ya Hospitali ya Mirembe.

Tangu chuoni mtoto hufundishwa kuwa kalamu ya kuandika madhambi imeinuliwa kwa watu watatu: aliyelala hadi aamke, mtoto hadi abaleghe, na aliyerukwa na akili hadi zimrejee. Kanuni ya Adhabu nayo inakubali kuwa asiyejua alitendalo kwa sababu ya maradhi ya akili hana hatia ya jinai. Juu ya hilo hapana mzozo. Mzozo umo katika lile neno "hadi": akili zikisharejea, ni nani wa kumfungulia mlango?

Chukuliwe mfano wa mkulima wa Urambo anayeshitakiwa kwa mauaji katika Mahakama Kuu, Tabora. Kwa mujibu wa Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 ya Tanzania Bara, wakili wake anapodai kuwa mteja wake alikuwa mgonjwa wa akili, Mahakama humpeleka hospitali ya maradhi ya akili akapimwe. Sheria hiyo ilimpa daktari siku 42 kuandika taarifa na kuipeleka mahakamani. Shauri likisikilizwa na ugonjwa ukathibitika, Mahakama hutoa uamuzi maalumu: kwamba alitenda tendo hilo, lakini kwa sababu ya ugonjwa hana hatia. Hata hivyo hatoki siku hiyo. Sheria ya 1985 iliagiza awekwe kizuizini, kwa jina zito la "mwendawazimu mhalifu", na jalada lake lipelekwe kwa Waziri ili atoe amri.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili. Aliyetiwa hatiani na kufungwa miaka 10 anaihesabu miaka yake. Aliyeambiwa kuwa hana hatia hana cha kuhesabu. Kutoka kwake kunategemea taarifa ya daktari, safari ya jalada, na saini ya Waziri.

Katika nchi jirani jambo hili limefikishwa mahakamani. Mwaka 2015 Mahakama ya Katiba ya Uganda, katika shauri namba 64 la mwaka 2011, ilibatilisha kifungu kilichoruhusu mshitakiwa asiyeweza kujitetea kwa sababu ya ugonjwa wa akili azuiliwe akingojea amri ya Waziri. Mwaka huo huo Mahakama Kuu huko Fort Portal ilimwachia mtu aliyekwisha kuonekana hana hatia kwa sababu ya ugonjwa, lakini akakaa gerezani zaidi ya miaka 10 akingojea amri ambayo haikufika. Nchini Kenya, ambako sheria iliwaweka watu wa namna hiyo kizuizini kwa ridhaa ya Rais, Mahakama Kuu huko Meru mwaka 2016, na huko Kisumu mwaka 2018, iliamua kuwa kizuizi hicho kisicho na ukomo kinapingana na Katiba.

Kwa upande wa Tanzania, Sheria ya mwaka 1994 ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi ilifungua mlango wa Mahakama Kuu kwa mwenye malalamiko ya kikatiba. Lakini marekebisho ya mwaka 2020 yalimtaka mlalamikaji aonyeshe kuwa yeye mwenyewe ameathirika. Kwa mgonjwa aliye nyuma ya kuta, mbali na jamaa zake na asiye na wakili, sharti hilo si jepesi.

Hata hivyo haifai kuwasahau waliofiwa. Katika kijiji alikotoka mkulima yule ipo nyumba iliyopoteza mtu, na hofu ya majirani ni ya haki. Mahakama za Uganda na Kenya hazikusema kila mgonjwa aachiwe huru bila ya uangalizi. Zilichosisitiza ni kuwa kizuizi kiwe na sababu, kipitiwe kwa wakati, na neno la mwisho liwe la Mahakama. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, nao unakataza ulemavu peke yake kuwa sababu ya kumnyima mtu uhuru wake.

Zanzibar ina sheria yake ya mwenendo wa makosa ya jinai, na wagonjwa wake hutibiwa Kidongo Chekundu. Lakini jalada ni jalada, Tabora na Unguja. Karani anayeliweka chini ya rundo, daktari anayeahirisha taarifa, na afisa anayengoja kukumbushwa, kila mmoja wao huongeza siku za mtu asiye na hatia. Watumishi wote hawana budi kuyapa majalada ya namna hii kipaumbele.

Wananchi nao wanaombwa wasiwatupe jamaa zao. Mgonjwa aliyepona hupata taabu kutoka iwapo hapana nyumba ya kumpokea. Wamtembelee, waulize hali ya jalada lake, na wasio na uwezo waombe msaada wa kisheria, ambao umewekewa sheria ya mwaka 2017 kwa Bara na ya mwaka 2018 kwa Zanzibar.

Kalamu ya madhambi ikiwa imeinuliwa, isiwe kalamu ya ofisini ndiyo inayomfunga mja.