Mahindi Yenye Kuvu Si Uji wa Mtoto

Wazazi wengi wakiambiwa wasimsagie mtoto mahindi yenye kuvu, hujibu, "Sisi tulikula na tuko hapa." Mpendwa mzazi, kuvu hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Mwaka wa 2004, huko Makueni, Kitui na wilaya jirani, sumu hiyo iliua watu 125. Huharibu ini, na haiishi kwa kuosha wala kuchemsha. Mwili wa mtoto ni mdogo, na uji anakunywa kila siku. Kwa hivyo, anika mahindi juu ya turubai, si mchangani. Yakikauka kabisa, yahifadhi juu ya mbao mahali pasipo unyevu. Yakiota kuvu, yatupe. Hata kuku usiwape.