Aliyebaki Nyumbani



Katika miji ya machimbo ya Geita, Jumapili jioni, vijana wengi huingia katika mabanda ya video. Hatuwalaumu. Mtu aliyeshinda shimoni juma zima anayo haki ya kukaa kitako na kutazama picha. Tunalotaka kulisema asubuhi ya leo linahusu aina moja ya picha zinazopendwa sana, yaani zile za vita na mapenzi. Kijana anampenda binti, vita vinafika, kijana anaiacha nyumba kwa ajili ya nchi yake, na binti anabaki mlangoni akifuta machozi. Kwa kawaida picha humfuata kijana. Sisi leo tungependa kubaki na yule binti.

Wako watengenezaji wa filamu waliofanya hivyo. Mwaka 1976, huko Ufilipino, Mario O'Hara aliongoza filamu iitwayo Tatlong Taong Walang Diyos, yaani Miaka Mitatu Bila Mungu. Miaka hiyo mitatu ni ile ya kukaliwa na majeshi ya Japani wakati wa Vita Kuu ya Pili. Rosario, mwalimu wa shule, anayeigizwa na Nora Aunor, anaagana na mchumba wake Crispin, ambaye anakwenda msituni kuipigania nchi. Crispin hatendi kosa lolote: nchi imevamiwa, naye ni mwanamume mzima. Lakini akiisha kuondoka, ofisa mmoja wa jeshi la Japani, Masugi, mwenye damu ya Kijapani na ya Kifilipino, anamnajisi Rosario, naye anapata mimba. Baadaye, kwa njia ambayo si rahisi kuieleza na ambayo filamu yenyewe hairahisishi, Rosario anaolewa na mtu huyo, na chuki inageuka kuwa upendo. Watu wa mji wake wanamhesabu kuwa msaliti. Majeshi ya Japani yanaposhindwa, hasira ya watu inamwangukia yeye.

Mtazamaji aweza kubishana usiku kucha kama Rosario alikuwa na haki ya kumpenda mtu yule. Sisi tunaliona swali lingine lililo zito zaidi. Wakati Crispin akiilinda nchi, ni nani aliyekuwa akimlinda Rosario? Mji ule ulikuwa na ulimi wa kumhukumu, lakini haukuwa umempa mkono wa kumsaidia.

Ndugu wapendwa, tusidhani kwamba hayo ni mambo ya Asia peke yake. Sisi nasi tunavyo vita vyetu. Tarehe 30 Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakaikalia nchi yote iliyo kaskazini ya Mto Kagera, katika mkoa ambao siku hizo uliitwa Ziwa Magharibi. Daraja la Kyaka likabomolewa. Raia wakauawa, mifugo ikaporwa, wanawake wakanajisiwa, na watu wengi wakachukuliwa mateka hadi Uganda. Mwanzoni mwa Novemba Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kwamba sababu ya kumpiga adui tunayo, na nia, na uwezo. Jeshi letu, ambalo lilikuwa na askari wapatao 40,000, likakua kwa miezi michache hata kupita 100,000, na sehemu kubwa ya nyongeza hiyo walikuwa mgambo, watu wa jembe na watu wa kazi za mjini.

Wakulima wa Shinyanga na wa Geita, ambayo wakati huo ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Mwanza, watatuelewa tukisema jambo moja dogo. Novemba ni mwezi wa kupanda. Mvua za kwanza zimekwisha kunyesha, ardhi imelainika, na pamba haimngojei mtu. Nyumba iliyomtoa baba au kaka mwezi ule ilimtoa akiwa na jembe mkononi. Kampala ilitwaliwa tarehe 11 Aprili 1979, na mapigano yakakoma kabisa mwanzoni mwa Juni, wakati pamba inavunwa. Basi kati ya kupanda na kuvuna, ni nani aliyepalilia? Ni nani aliyelisha ng'ombe, akachota maji na kulea mtoto mchanga, huku akitega sikio kwenye redio ya jirani? Na wako ambao kungoja kwao hakukwisha kwa mavuno yale, kwa maana baadhi ya askari wetu walibaki Uganda hadi mwaka 1981. Hata huku nyuma hapakuwa salama kabisa: mwaka 1979 ndege ya Libya, nchi iliyokuwa ikimsaidia Amin, ilikuja kuupiga mji wa Mwanza kwa mabomu, nayo mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, yakaua wanyama wasiokuwa na ugomvi na mtu.

Mwalimu aliomba taifa lifunge mkanda miezi kumi na minane baada ya vita. Wanawake wa vijijini, kwa maoni yetu, walikuwa wamekwisha kuufunga tangu Novemba ya kwanza.

Maandiko Matakatifu yanalijua jambo hili. Katika Kumbukumbu la Torati imo amri ambayo husomwa mara chache makanisani: mtu aliyeoa karibuni asitoke kwenda vitani, wala asitwikwe kazi nyingine yoyote, na awe huru nyumbani mwake mwaka mmoja, apate kumfurahisha mke wake. Angalieni kwamba sheria haisemi akae nyumbani ili ajifurahishe yeye. Inamtaja mke. Mungu wa Israeli, ambaye watu humwita Bwana wa Majeshi, alisimama kati ya jeshi na bibi arusi, akasema huyu naye ana dai lake. Kweli, adui aliyevuka mpaka wetu hakuuliza nani ameoa jana, na taifa lililovamiwa haliwezi kila mara kungoja mwaka uishe. Lakini amri ile inatufundisha kwamba nchi inapomchukua mume inachukua kitu kisicho chake, nayo inabaki na deni.

Sasa tumtazame Uria Mhiti, katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya kumi na moja. Huyu ni askari mwaminifu kupita wote. Analetwa kutoka vitani, mfalme anamwambia ashuke nyumbani kwake, naye anakataa. Atawezaje kula na kunywa na kulala na mkewe, hali Sanduku la Mungu na wenzake wamo katika vibanda, na Yoabu, jemadari wake, amepiga kambi uwandani? Analala mlangoni pa jumba la mfalme pamoja na watumishi. Mahubiri mengi yanamsifu Uria kwa hilo, na ni haki. Lakini je, aliyeisaliti nyumba ya Uria alikuwa nani? Hakuwa Mwamoni aliyepigana naye, wala hakuwa mkewe, ambaye aliitwa na mfalme na hakuna aliyemwuliza kama anataka. Alikuwa Daudi, aliyebaki Yerusalemu wakati wa vita, yule yule ambaye Uria alikuwa akimpigania. Naye Uria akabeba kwa mkono wake mwenyewe barua iliyoamuru kifo chake. Tunaposema juu ya uaminifu kwa nchi, tusisahau kuuliza juu ya uaminifu wa wale waliobaki, wakubwa na wadogo, kwa nyumba ya yule aliyekwenda.

Hapo ndipo tunapotaka kusema na ninyi makatekista, kwa kuwa ninyi mnaijua mitaa na vitongoji kuliko sisi.

Wako wanawake waliofiwa na waume katika vita vile, na wengine waliofiwa tangu hapo kwa njia nyingine, wakakutana na mila ya kurithi wajane. Wapo walioikubali kwa hiari. Asiyetaka asilazimishwe. Kanisa halitambui ndoa isiyo na hiari, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mjane uhuru wa kukaa anapotaka, kubaki bila mume, au kuolewa na mtu amtakaye. Katekista anayeketi katika kikao cha ukoo anyamaze kwa mambo mengi, lakini kwa hili asinyamaze.

Wako pia watoto waliozaliwa na akina mama walionajisiwa na askari wa adui. Na upande wa pili wa mpaka wako waliozaliwa na askari wetu na hawajamwona baba. Hao sasa ni watu wazima. Mtu kama huyo akija kwako kuandikisha ubatizo au ndoa, nawe ukafika penye jina la baba, kalamu isimame hapo bila swali la pili.

Tena tuseme waziwazi jambo linaloiaibisha nchi yetu ya Usukuma. Kwa miaka mingi, huku Shinyanga na Geita, akina mama wazee wameuawa kwa mapanga kwa kuambiwa ni wachawi, na ushahidi ukawa macho mekundu, macho ambayo moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe huyageuza kuwa mekundu jikoni. Wengi wao ni wajane, wakaao peke yao. Katika umri huo wamo waliopanda pamba peke yao Novemba ya mwaka 1978. Mji wa Rosario hauko mbali nasi.

Kuhusu ninyi vijana wa machimbo, wa Nyarugusu, Rwamagasa na Mgusu, tutasema kwa ufupi. Hakuna aliyewatuma vitani. Mmeifuata dhahabu ili nyumba ile. Ni jambo jema. Lakini askari wa mwaka 1979 alikuwa na kisingizio cha kutorudi mapema, kwa kuwa amri ya kurudi haikuwa yake. Ya kwenu ni yenu. Simu iko mfukoni, na basi la kwenda Kahama na Shinyanga huondoka kila siku. Mwanamke uliyemwambia kwamba utarudi baada ya mwezi mmoja amekwisha kuhesabu miezi mingapi?

Imebaki shauri moja kwa parokia. Askari wetu wengi waliokufa katika vita vile wamelala Kaboya, wilayani Muleba, na tarehe 25 Julai ya kila mwaka taifa huwakumbuka mashujaa wake. Wako wajane huku kwetu ambao hawajapata kuliona kaburi la mume. Wanajumuiya waulize, kimya kimya, kama yuko mmoja katika kigango chao. Akipatikana, wachange mafuta ya gari, na mwenye gari aseme mapema. Njia ni kupita Geita na Biharamulo hadi Muleba, na ni ndefu kwa mtu mzee, kwa hiyo mama akae kiti cha mbele, na abebewe maji na mto wa kuegemea. Wakifika, wamwache peke yake kaburini kwa muda atakaotaka, na dereva asipige honi.