Karata ya Mwisho Hutangulia



Wapo vijana wanaocheza karata za Magic: The Gathering, mchezo uliobuniwa na Mmarekani Richard Garfield na kuanza kuuzwa mwaka 1993. Kila mchezaji hununua karata zake, na karata nyingi zina amri iliyoandikwa juu yake. Hapo ndipo ugomvi huzuka: amri mbili zikikutana, ipi itangulie?

Chukueni mfano. Una dubu mwenye nguvu 2 na uhai 2. Mwenzako anamtupia radi yenye pigo la 3. Kabla haijamfika, unatoa karata ya kumwongezea 3 juu ya 3. Je, dubu kafa?

Hakufa. Tangu mwaka 1999 kanuni hupanga karata hizo kama sahani zilizopandana: ya juu huondolewa kwanza. Dubu alikua kwanza, radi ikamkuta na uhai 5. Lakini ungetangulia wewe kumkuza, naye akajibu kwa radi, radi ingemkuta angali mdogo. Karata ni zile zile, ila zamu imebadilika.

Basi ulizeni kwanza: nani alitoa nini, lini? Kisha someni karata yenyewe. Ikipingana na kanuni ya jumla, karata hushinda; na inayokataza huishinda inayoruhusu.

Mezani kama barazani, mwenye sauti kubwa si lazima awe na haki. Kanuni ikubaliwe kabla mchezo haujaanza. Baada ya hapo, kila mtu huikumbuka ile inayomfaa, na urafiki huvunjika kwa ajili ya dubu wa karatasi.

Kwaherini hadi wiki ijayo.