Leseni Yangu Ilipokoma Leicester



Nimeombwa niseme neno kwa wanaojiandaa kuhamia Uingereza. Nitasema la udereva tu. Nilifika Leicester na leseni yangu ya Tanzania na kile kijitabu cha kimataifa, nikajiona nimekamilika. Kumbe kijitabu ni tafsiri tu. Bila leseni yenyewe hakifai kitu. Na leseni yetu, kwa aliyehamia, hukubaliwa miezi 12 tangu aanze ukaazi. Wenzetu wa Zimbabwe hubadilishiwa yao bila mtihani. Sisi hatumo katika orodha hiyo.

Mwezi wa 14 askari akanisimamisha. Gari likachukuliwa, na bima niliyoilipia mwaka mzima haikunifaa. Baada ya miaka 22 ya usukani nikabandikwa herufi L nyekundu, kijana wa rika la mwanangu akinifundisha kuegesha! Mtihani wa kwanza nikaanguka.

Ningalichukua leseni ya kujifunzia kabla miezi 12 haijaisha, ningaliendesha peke yangu bila hiyo L hadi miezi itimie, huku nikingoja zamu ya mtihani. Fomu zake huchukuliwa posta.